Buli Lisilo na Kitako



Nimeshika kalamu nikueleze jambo lililonipata mimi mwenyewe, si la kusikia kwa watu. Sikulileta kwa kujisifu, kwani utaliona mbele kuwa halina sifa kwangu. Nimelileta kwa kuwa aibu ya mtu mmoja, akiisema kwa nia njema, yaweza kuwa ukumbusho kwa wengi.

Mimi ni seremala. Kazi hii naliirithi kwa marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, na nimeifanya kwa zaidi ya miaka arubaini hapa Mombasa. Nimechonga vitanda, makabati, marufaa na mimbari, lakini kazi niipendayo zaidi ni milango ya nakshi. Mlango wetu wa pwani, kama ujuavyo, si ubao wa kuzibia tundu tu. Una miimo yake miwili, una kizingiti cha chini na cha juu, una mabawa mawili, na katikati una mfaa unaoyafunika maungio ya mabawa hayo. Mtu hupita chini yake akiwa mtoto mchanga aliyebebwa, na hupita chini yake akiwa jeneza. Kwa hiyo mwenye kuuchonga amebeba dhamana.

Ama siku hizi mteja haji karakanani akakaa juu ya gogo, akaguswa na vumbi la randa, akasema ataka hiki na hataki kile. Mteja yuko Nairobi, au yuko Muscat, na ataka uonyeshwe mlango wake katika simu kabla hujautia patasi. Mimi nalikuwa nikichora kwa penseli na bikari juu ya karatasi, kisha nikiipiga picha karatasi ile na kuipeleka. Na walikuwako vijana, nao kwa patasi hawajafika nusu ya njia, wakipeleka picha za kompyuta ambazo mlango waonekana umesimama ukutani, jua limeupiga, na kivuli kimeanguka chini. Mteja akitazama yangu na yao, aliwachagua wao. Mara tatu katika mwaka mmoja kazi zilinipita hivyo. Nikawa nikikaa barazani nikiwalaumu vijana, na kuulaumu wakati.

Siku moja mtoto wa dada yangu, ambaye asomea usanifu wa majumba chuoni, alikuja kunisalimu wakati wa likizo. Akanikuta katika lawama hizo. Akasikiliza kwa adabu mpaka nilipomaliza, kisha akasema, "Mjomba, kwa nini usijifunze? Mimi nitakufundisha."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, vidole hivi vimezeeka."

Akaniambia, "Mjomba, kila siku waishika patasi yenye makali ya kukata kidole, nawe waogopa kipanya cha kompyuta?"

Sikuwa na la kumjibu, lakini juma zima nilitafuta udhuru. Leo macho yaniuma, kesho nina mgeni. Ukweli, ndugu msomaji, ni kuwa nilikuwa nikiona haya. Mimi ndiye niliyemfundisha binti huyu kushika penseli, akiwa amekaa juu ya mapaja yangu. Nitakaaje mbele yake nikawa mwanafunzi? Mpaka usiku mmoja, katika darasa la msikiti wa mtaani kwetu, sheikh akaeleza kisa kilichomo katika Suratul-Kahf, cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, alivyofunga safari ndefu kumfuata mja mwema ili ajifunze kwake yale asiyoyajua. Yeye ni Mtume aliyesema na Mola wake, na hakuona haya kuomba afundishwe. Nilitoka msikitini nimeinamisha kichwa. Kesho yake nikamwita mtoto wa dada yangu, nikamwambia, "Lete hiyo kompyuta yako."

Akaja na kompyuta ndogo ya kukunja aliyokuwa haitumii tena. Ndani yake palikuwa na programu iitwayo Blender. Jambo la kwanza nililomuuliza lilikuwa la bei, kwa kuwa nimesikia kuwa programu za wasanifu zina bei kubwa, na kuwa watu wengi huzitumia za wizi. Akaniambia hii haina bei wala haina wizi, na akanipa khabari zake. Mwenye kuianzisha ni Mholanzi, jina lake Ton Roosendaal, katika miaka ya 1990, kwa ajili ya kazi za karakana yake ya picha. Baadaye kampuni iliyokuwa ikiiuza ilifilisika, na programu ikawa karibu kuzikwa. Basi mwaka 2002 mtu huyu akapatana na wenye mali kuwa wakipata euro 100,000 wataiachilia iwe ya watu wote. Akawaomba watu ulimwenguni, na watu wakachanga, na kwa wiki saba fedha zikatimia. Tangu Oktoba ya mwaka huo kila mtu ruhusa kuichukua, kuitumia, kuifungua atazame ilivyotengenezwa, na kuirekebisha, kwa sharti kuwa akiigawa na marekebisho yake basi awaachie wenzake ruhusa ile ile aliyoachiwa yeye.

Nilipoyasikia hayo nilikumbuka visima vya wazee wetu, walivyovichimba na kuviweka wakfu, kila mwenye ndoo akateka. Sisemi kuwa ni jambo moja, kwani wakfu una nia yake na hukumu zake. Lakini nilifurahi kuwa chombo nitakachokitumia ni halali, wala mkono wangu hautaingia katika mali ya mtu. Ndugu zangu, tuangalie jambo hili. Tutamuona mtu akiogopa kula tende moja ya jirani bila ya ruhusa, naye kompyuta yake imejaa mali ya watu.

Somo la kwanza lilikuwa mchemraba. Ukiifungua programu hiyo hukukuta na kisanduku kimesimama katikati ya uwanja mtupu, pamoja na taa moja na kamera moja. Mtoto akaniambia, "Mjomba, hesabu." Nikahesabu. Kisanduku kina ncha 8, kina kingo 12, kina nyuso 6. Akaniambia, "Basi ilimu yote ni hiyo. Umbo lolote utakaloliona humu, likiwa jumba au jahazi, ni ncha zilizoungwa kwa kingo, na kingo zilizozunguka zikafanya uso, na nyuso zilizoshikana zikawa kama wavu wa mvuvi uliovishwa juu ya kitu."

Akanifundisha herufi za kibodi. Herufi ya G huhamisha kitu, ya R hukizungusha, ya S hukikuza au hukipunguza. Ukitaka kiende njia moja tu, basi baada ya herufi hiyo wabonyeza X au Y au Z, ambazo ni njia tatu: ya upana, ya kina, na ya kwenda juu. Na herufi ya E huuvuta uso ukatoka mbele kama mtoto wa meza avutwavyo, na kuta mpya zikaota pembeni mwake. Kwa herufi hiyo ya E nilikitoa kizingiti kutoka katika kisanduku, nikatoa mwimo, nikaona kumbe yafanana na kazi yangu, ila yaenda kinyume. Mimi katika ubao hupunguza mpaka umbo likabaki. Huku huongeza mpaka umbo likatimia. Na tofauti nyingine ni kuwa hapa ukikosea kuna kitufe cha kurudi nyuma, kosa likafutika kama halikuwako. Ubao ukishakatwa haurudi, na wala siku iliyopita hairudi.

Usidhani lakini kuwa mambo yalikuwa mepesi. Kwa siku nyingi nilikuwa nikibonyeza pasipo, kitu kikatoweka, nami nikakasirika. Naye mtoto alikuwa na subira ambayo, Mungu anisamehe, mimi sikuwa nayo nilipokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa useremala. Kila nilipokosea aliniambia, "Hapana neno, mjomba, rudia." Nikawakumbuka vijana niliowahi kuwapigia kelele kwa kosa moja la randa.

Makosa yangu matatu ya siku zile nitakueleza, kwa sababu kila moja lilikuwa somo.

La kwanza, nilitengeneza pete ya shaba ya kubishia hodi, nikaiweka katika bawa la mlango. Nilipotazama kwa mbele ilikuwa imekaa vizuri kabisa. Mtoto akasema, "Izungushe, mjomba." Nikauzungusha uwanja, na tazama, pete ilikuwa ikielea hewani mbali na mlango kwa hatua nzima! Jicho la mbele halijui kina. Akaniambia, "Usikiamini kitu mpaka ukitazame mbele, pembeni na juu." Nikasema nafsini mwangu, ni mara ngapi nimemhukumu mtu kwa upande mmoja nilioutazama?

La pili, nilipouvuta ukingo wa mfaa, uliachana na ubao wake, pakafunguka mwanya. Kumbe pale nilipodhani pana ncha moja palikuwa na ncha mbili, moja juu ya mwenziwe, zimekaa mahali pamoja wala hazikuungana. Kwa macho huwezi kuzibagua. Ukizivuta ndipo utakapojua. Iko amri ya kuziunga zilizokaribiana, nikaitumia, na mfaa ukashika. Hapo nilikumbuka safu zetu za sala, bega kwa bega na mguu kwa mguu, kisha tukitoka tu msikitini jambo dogo la mipaka ya kiwanja latuvuta, na mwanya waonekana.

La tatu, sehemu ya mlango wangu ilikuwa nyeusi kila nilipoitia mwangaza. Akanieleza kuwa kila uso katika kompyuta una upande wa nje na upande wa ndani, na mimi nilizigeuza baadhi ya nyuso, za ndani zikawa nje. Tukazigeuza, mwangaza ukakaa sawa.

Wala usidhani kuwa kazi ilikuwa ya kupokea tu. Naye alinionyesha mlango aliouchora kwa ajili ya mtihani wake, mzuri kwa macho. Nikamwambia, "Ufungue." Akayazungusha mabawa, nayo yakaingia ndani ya miimo kama moshi uingiavyo katika moshi. Nikamwambia, "Mwanangu, katika kompyuta mbao hazigombani, lakini katika nyumba zitagombana. Huu mlango hautafunguka." Nikamwelezea kuwa mlango wetu wa asili haukutiwa bawaba za chuma, bali bawa lina msumari wa mti juu na chini uzungukao katika matundu ya vizingiti, na nikamwonyesha nafasi ya kuacha baina ya bawa na mwimo, na kwa nini nafasi hiyo huongezwa kwa ajili ya mvua za masika, mbao zinapovimba. Akaandika yote katika daftari lake. Jioni ile hapakuwa na mwalimu wala mwanafunzi.

Barazani, khabari zilipoenea, rafiki mmoja akaniuliza, "Hayo si masanamu? Si tumekatazwa taswira?" Ni swali zuri, na sikulidharau. Nilikwenda kwa sheikh wetu. Akanikumbusha kuwa onyo lililokuja katika Hadithi kwa wafanyao sura za viumbe vyenye roho ni kali, na kuwa wanavyuoni wamekhitilafiana katika picha za vyombo vya siku hizi, na kila mmoja ana dalili zake. Kisha akanitajia kuwa Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alijiwa na mtu ambaye maisha yake ni kazi ya kuchora, akamnasihi achore miti na visivyo na roho. Sheikh akasema, "Wewe kazi yako ni milango, maua na minyororo ya nakshi. Una nafasi pana, kaa humo." Nami nimekaa humo, na wala sijaona dhiki.

Jioni moja tulikuwa tukinywa chai, na mahamri mezani, mtoto akanionyesha katika kompyuta sura ya buli. Akaniambia buli hili ni mashuhuri kuliko buli lolote duniani kwa watu wa kazi hii. Mwaka 1975 alikuwako mtaalamu Mwingereza, Martin Newell, katika Chuo Kikuu cha Utah huko Marekani. Alikuwa akitafuta kitu cha kufanyia majaribio, na mkewe akamwambia atumie vyombo vyao vya chai. Akalichora buli lao katika karatasi ya mirabaraba, kisha akayaingiza mapindo yake katika kompyuta kwa hesabu. Kwa kuwa buli lina tumbo la mviringo, lina mkono wenye tundu, lina mdomo wenye kujipinda, na hujitia kivuli lenyewe, lilifaa sana kwa majaribio, na wenziwe wakaliomba, mpaka likaenea ulimwengu mzima. Buli lenyewe la udongo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya kompyuta huko California.

Kisha akacheka akasema, "Lakini wajua, mjomba? Lile la hesabu za kwanza halikuwa na kitako. Kwa sababu buli hukaa juu ya meza, na chini yake hapana atazamaye. Kitako kiliongezwa baadaye na watu wengine."

Nikacheka nami. Nikasema, "Buli lisilo na kitako! Chai yake ainywe nani?" Sikujua kuwa kicheko kile kitanirudia.

Baada ya miezi mitatu au minne nikawa naweza kuutengeneza mlango mzima. Jambo la mwisho nililojifunza ni kuutia mwangaza. Na hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa lina fahari kwetu. Yuko mwanachuoni Hasan Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeishi Misri na kufa yapata mwaka 1040. Katika kitabu chake cha Al-Manadhir alibainisha kuwa jicho halitoi miali ya kwenda kuvigusa vitu, kama walivyodai wengi kabla yake, bali mwangaza ndio utokao katika vitu, ukaenda kwa njia iliyonyooka mpaka ukaingia jichoni. Juu ya hesabu za miali iliyonyooka ndiyo hizi picha za kompyuta zimejengwa. Ila kompyuta hufanya hila. Haianzi katika taa, kwa kuwa miali mingi ya taa hupotea bila ya kulifikia jicho, na kuihesabu yote ni khasara. Huanza katika kamera, ikaurudisha mwali kinyumenyume mpaka kwenye ubao, na kutoka kwenye ubao mpaka kwenye taa, ijue pale pana mwangaza au pana kivuli. Picha moja ya mlango wangu, katika kompyuta ile kuukuu, ilichukua muda wote wa baina ya magharibi na isha. Nikirudi msikitini naikuta imekamilika, nami nasimama kuitazama kama mtoto.

Basi akaja mteja. Ni mtu wa kwetu, afanya kazi Muscat, anamjengea mama yake nyumba Malindi. Nikautengeneza mlango wake katika kompyuta, futi 7 na inchi 4 kwenda juu, wa mvule, kizingiti cha juu kimejaa maua na mnyororo wa pembeni. Nikaupeleka. Akajibu siku ile ile, "Mashallah, fundi, ndio huo huo," na akatuma arbuni.

Nikanunua mbao. Nilipoupiga randa ule ubao wa kizingiti cha juu nikaona upande mmoja una ufa, urefu wa shubiri na nusu, na pembeni yake matundu ya wadudu. Upande wa pili ulikuwa safi kama kioo. Ubao wa mvule wa unene ule si rahisi kuupata, na bei yake nilikwisha kuilipa. Nikaugeuza, ule wenye ufa nikaufanya wa nyuma. Nikasema, utaelekea ndani, nitauziba kwa gundi na unga wa mbao, nitaupaka mafuta, na hapana atakayejua. Mtoto wa dada yangu alikuwako karakanani siku hiyo, akipima nakshi kwa ajili ya masomo yake. Aliuona ufa, wala hakusema kitu.

Baada ya siku mbili mteja akaniandikia: "Mama ataka kuuona mlango kwa upande wa ndani, kwani yeye ndiye atakayeutazama akikaa ukumbini." Nikafungua kompyuta. Mlango wangu haukuwa na nyuma. Nilikuwa nimeutengeneza uso wa mbele tu, kwa kuokoa wakati, na nyuma palikuwa patupu, buli lisilo na kitako.

Nikaanza kuitengeneza nyuma. Nilipofika katika kizingiti, mkono ulisita. Mpaka hapo nilikuwa nimenyamaza tu. Sasa nilitakiwa niichore. Lakini katika kompyuta, ndugu msomaji, uwongo hauna jasho. Wachagua picha ya mvule safi, waibandika juu ya uso, na kwa kufumba na kufumbua ubao wako hauna ufa. Nikafanya hivyo. Nikauacha mwangaza uhesabiwe, nikaenda kusali isha, nikarudi, nikapeleka. Jibu likaja kuwa mama amefurahi na ananiombea dua.

Nikamwonyesha mtoto picha ile nikitaka anisifu. Akaitazama kwa muda. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama aulizaye jambo la kawaida, "Mjomba, ule ufa umeutia wapi?"

Nikamwambia, "Hiyo ni picha tu."

Akasema, "Ndiyo, mjomba," akainuka, akaondoa vikombe.

Usiku ule sikulala. Si kwamba sikuijua hukumu. Naijua Suratul-Mutaffifin, niliihifadhi nikiwa chuoni kwa maalim, nami nimeisoma sala nyingi. Nakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono wake katika rundo la chakula, vidole vikakuta umaji, akamuuliza mwenyewe ni nini hiki, naye akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamkemea kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakakiona, na akatangaza kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Kisa hiki mimi nimewasimulia wanafunzi wangu mara ngapi! Na tazama ndugu msomaji, mtu yule wa sokoni mvua ndiyo iliyomlowesha nafaka, kosa lake ni kuficha tu. Mimi nilificha, kisha nikachora, kisha nikapokea dua ya mama mzee juu ya uwongo huo. Na kilichoniuma zaidi ni kuwa nilikuwa nimekiweka chini kilicholowa mbele ya macho ya mtoto aliyenifundisha kukitazama kitu pande zote.

Baada ya alfajiri nilimpigia simu mteja. Muscat kulikwisha kucha. Nikamwambia yote, na nikampelekea picha ya ubao wenyewe, si ya kompyuta, ufa na matundu yake. Nikamwambia ana khiari: arejeshewe arbuni yake, au apunguziwe bei, au ningojewe nitafute ubao mwingine.

Alinyamaza siku mbili. Siku mbili hizo zilikuwa ndefu. Kisha akaandika maneno machache: badilisha ubao, na siongezi fedha. Hakunisifu kwa ukweli wangu, na wala hakustahili kunisifu, kwani mtu hasifiwi kwa kurudisha alichokwisha kukiiba. Ubao mwingine niliupata baada ya wiki tano, nikaulipia kwa mali yangu, na faida ya mlango ule ikawa ya kununulia msasa tu. Ule wenye ufa niliukata, sehemu yake nzima nikatoa marufaa manne, na kila aliyenunua nilimwambia yametoka katika ubao gani.

Mlango uko Malindi sasa. Kabla ya kuupeleka, niliirudia picha ya kompyuta nikautengeneza mlango wote, mbele na nyuma, juu na chini, hata upande wa chini wa bawa ambao hapana autazamaye illa sisimizi. Mtoto wa dada yangu akauzungusha polepole. Alipofika chini akatabasamu, akasema, "Una kitako, mjomba." Hajasema zaidi ya hayo mpaka leo, Mwenyezi Mungu amhifadhi.

Ndugu Waislamu, nasaha zangu ni mbili, na mimi ni wa kwanza kuzihitaji.

Ya kwanza ni kwa wazee wenzangu. Tusione haya kujifunza kwa watoto wetu. Ilimu ya mikono ina baraka, nayo haikupungua kwa kuongezewa ya kompyuta. Tukikaa barazani tukilaumu, vijana watachukua vyombo hivi bila ya sisi, na tutawanyima yale tuliyo nayo: namna mbao zinavyovimba wakati wa masika, na namna mtu anavyomwogopa Mungu akiwa peke yake na ubao wake.

Ya pili ni kwetu sote. Siku hizi kila mtu ni mchoraji wa picha. Mwenye duka atuma picha ya bidhaa, posa huja na picha, na wema wetu wenyewe twauonyesha watu katika simu kwa upande ulio na mwangaza. Kabla ya kuipeleka picha, tuuzungushe uwanja tujiulize: nyuma yake pana nini? Viumbe wanatutazama kwa mbele, lakini yuko Mwenye kuona pande zote kwa mara moja, na Kwake hapana uso wa ndani wala wa nje.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azilinganishe siri zetu na dhahiri zetu, na atujaalie chumo la halali na ilimu yenye manufaa. Amin.